Buti la Zahoro

Tundu lilitoa udongo, halikutoa maji. Mboni aliuvuta waya polepole akaona mabaki ya kiota cha nyigu yameng'ang'ania kwenye ncha, makavu na mekundu, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja aliamini kwamba taabu yake imekwisha. Nyigu hujenga popote wanapokuta tundu limetulia. Kumbe ni hawa tu, alijisemea, wadudu wadogo namna hii ndio wanaotaka kunifungisha mimi.

Injini ilikuwa imening'inizwa kwenye ukingo wa pipa, mguu wake umezama majini hadi juu ya pangaboi. Akazungusha kamba ya kuwashia, akaukanyaga ubavu wa pipa, akavuta. Mara ya tatu ikakubali. Moshi wa bluu ukajaa bandani, pipa likatetemeka, naye akainama kulitazama lile tundu dogo la nyuma. Injini ya boti ikiwa na afya hutoa hapo uzi wa maji usiokatika, alama kwamba maji yanapanda kutoka mtoni, yanazunguka tumboni mwa chuma na kukipoza. Yalitoka matone matatu, kisha mvuke, kisha hakikutoka kitu. Akazima upesi kabla chuma hakijaungua.

Nje ya banda, juu ya gogo la mnazi, wanaume wanne walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Hawakuja kusaidia. Walikuja kama watu wanavyokwenda kumtazama ng'ombe aliyetumbukia kisimani.

"Haikojoi," alisema Zahoro, akatema mate pembeni. "Inamwonea haya. Injini dume hiyo, itakojoaje mbele ya mwanamke?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro. Mboni hakugeuka. Kicheko cha aina ile alikizoea, ila siku hiyo kilimchoma, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na mkutano ulikuwa baada ya alasiri.

Tuseme ukweli, kijiji kile hakikumpenda tangu mwanzo. Alitoka Kibuta, kule Kisarawe, akaolewa hapa kando ya Ruvu. Mume akamwacha, na badala ya kufunga mzigo wake arudi kwao kama watu walivyotarajia, akabaki na jembe lake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Mboni kila mtu alijiona ana haki ya kuivuta. Halafu ikaja boti ya injini. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamishia watu upande huu wa mto, mashamba yao ya mpunga yakabaki upande wa pili, na baada ya miaka ya kulalamika serikali ikawaletea chombo cha kuvukia, na si kipya, pamoja na barua iliyosema nafasi ya kozi Bagamoyo ni ya mwanamke. Wake za watu walikatazwa na waume zao. Mboni hakuwa na wa kumkataza. Akaenda wiki sita, akarudi na cheti, ovaroli na spana sita, na Zahoro, aliyevusha watu kwa mtumbwi tangu ndevu hazijamwota, akawa mtu wa kukaa juu ya gogo.

Alhamisi iliyopita injini ilichemka katikati ya mto. Mboni aliizima, maana ingeungua yote, na boti ikachukuliwa na mkondo ikiwa na watu kumi na wanne, ikapita mbele ya viboko, ikaenda kunasa kwenye matete huko chini. Hakufa mtu. Lakini magunia mawili ya mpunga wa Swaumu yalizama, na tangu siku hiyo Swaumu hajaacha kulia wala kusema. Alisema Mboni anauza petroli na kujazia maji. Akasema tena ametia mchanga makusudi. Mwaka ule redio ilikuwa ikiimba wahujumu, wahujumu, asubuhi na jioni. Kila kijiji kilimtafuta wa kwake, na kijiji hiki kilishampata.

Asubuhi hiyo Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jumbe, alifika mwenyewe bandani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mkutano tutaufanyia hapa hapa, baada ya alasiri. Injini ikiwa nzima, tutazungumza. Ikiwa mbovu, utazungumza na wenyewe, polisi wa Kibaha. Mgambo wawili nimeshawaambia wakae tayari."

"Sijahujumu kitu, Mwenyekiti."

"Watu kumi na wanne nusura waliwe na mamba, nawe unaniambia hujahujumu kitu!" Akaenda zake, fimbo yake ikichoma udongo kwa hasira.

Sasa Mboni aliilaza injini juu ya magunia matupu, akaanza upya kutoka chini, kama alivyofundishwa. Pale mguuni, juu kidogo ya pangaboi, kuna kichujio ambacho maji huingilia. Alikichokoa kwa mwiba. Kilitoa nyasi mbili na mchanga wa kujaza kiganja cha mtoto, si zaidi. Akauweka mdomo wake kwenye bomba la juu akapuliza. Pumzi ilipita, ingawa kwa shida kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Basi njia haikuziba kabisa. Maji yalikuwa na pa kupita, ila hapakuwa na wa kuyasukuma.

Ilibaki pampu. Kuifikia pampu ni kuutenganisha mguu na mwili, na bolti moja kati ya zile nne ilikuwa imekula kutu. Aliigonga, akaibembeleza, akaitukana kwa Kizaramo matusi ambayo mama yake asingependa kuyasikia. Spana iliteleza ikamchuna ngozi ya vidole viwili. Wale wa kwenye gogo wakaguna kwa furaha. Alipoirudia mara ya mwisho, kwa uzito wake wote, bolti ilipiga kelele ikageuka, na mguu ukaachia.

Alikifungua kijumba cha pampu akanusa kabla hajaona. Harufu ya mpira ulioungua haina mfano. Ndani yake hukaa kinyota cha mpira chenye mbawa sita, kimeshikwa na kitovu cha shaba. Kikizunguka, mbawa zinakunjuka na kuyasukuma maji juu. Hiki hakikuwa na mbawa tena. Kilikuwa kidonge cheusi kinachong'aa, kimeyeyuka upande mmoja na kukatika upande mwingine. Aliokota vipande chini ya kijumba, akachokoa bomba kwa waya akapata vingine, akavipanga juu ya gunia. Vilikuwa vya mbawa tano. Ubawa wa sita hakuuona, na alijua umo humo ndani mahali fulani, umejibana kwenye kona ambayo waya wake haufiki.

Mpira ule hauungui ukiwa majini. Maji ndiyo mafuta yake. Unaungua ukizungushwa mkavu, na Mboni, akiwa amepiga magoti na vidole vinavuja damu, alikumbuka siku yenyewe.

Wiki tatu nyuma alikuja mgeni rasmi kutoka mkoani. Kijiji kizima kilifagiliwa, nyimbo zilifanyiwa mazoezi siku tisa. Ilipangwa mgeni apande boti, lakini mvua ilikuwa imeutia ukingo tope hadi magotini, na mgeni alivaa viatu vya kung'aa. Mzee Jumbe akaona asipoteze sifa yake. Aliagiza injini ing'olewe kwenye boti, ifungwe kwenye meza ya seremala mbele ya ofisi, ivishwe khanga na maua, halafu iwashwe mgeni aisikie.

"Mwenyekiti, haiwashwi nchi kavu," Mboni alisema siku ile.

"Kidogo tu, mama. Mgeni asikie sauti."

Mboni akarudi nyuma hatua moja, na ile hatua ndiyo aliyokuwa akiikumbuka sasa. Zahoro akaitwa, kwa kuwa ana mabega, akavuta kamba. Injini ikanguruma. Wapiga ngoma wakaifuata kwa vishindo, mgeni akapiga makofi, Mzee Jumbe akaashiria mkono, zaidi, zaidi, na wimbo ukaimbwa beti zote tano juu ya ule mngurumo. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini nani wa kuyasema hayo mbele ya mgeni? Watu wakamgeukia Mboni, mwanamke wa injini, waone kama anafurahi. Naye akaupeleka mkono mdomoni akapiga kigelegele.

Tangu siku ile uzi wa maji ulikuwa mwembamba. Aliuona. Akajidanganya kwamba ni tope la masika.

Adhana ya adhuhuri iliwaondoa watu kwenye gogo. Mboni alidhani yuko peke yake mpaka kivuli kilipoanguka juu ya gunia. Alikuwa Zahoro. Alikuwa na mabuti yake meusi ya mpira aliyoyapata alipokuwa kibarua kwenye mabomba ya maji, mabuti pekee kijijini, ambayo aliyavaa hata kwenye harusi. Aliinama, akaokota kile kidonge, akakinusa.

"Kimeungua," alisema.

"Kimewashwa bila maji."

Zahoro alielewa. Alikuwa mkorofi, si mjinga.

"Niliambiwa niwashe," alisema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Utasema?"

"Sijui nitasema nini. Niache nifanye kazi."

Hakuondoka. Alikirusharusha kile kidonge mkononi. "Kingine kinapatikana Mlandizi?"

"Hata Dar hakipatikani. Ningepata mpira ningechonga mwenyewe. Lakini mpira mgumu, mnene, usio na nyuzi. Tairi lina nyuzi, haliwezi kukunjuka."

Zahoro alitazama nje, akatazama miguu yake, akatukana. Kisha akakaa kwenye ukingo wa pipa, akalivuta buti la kulia, akalitupa mbele ya Mboni kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa.

"Kisigino," alisema. "Hicho ni mpira mtupu."

Mboni aliliangalia buti, akamwangalia yeye.

"Usinitazame hivyo. Sikupendi, Mboni. Usije ukadhani nakupenda."

"Sijadhani."

"Na usiseme nimekupa."

Akavua na la kushoto, akalikumbatia chini ya kwapa, akatoka peku kupitia nyuma ya banda.

Mboni alikikata kisigino kwa kisu cha kuchunia ngozi, akakipaka mafuta ya nazi kisu kisikwame, akachonga. Ubawa wa kwanza ukawa mnene, akaupunguza. Wa tatu ukakatika, akaanza upya na kipande kingine. Alipima kwa kijumba chenyewe: mbawa zigusane na ukuta, zikunjwe kidogo, zisikwame. Alitoboa katikati kwa msumari uliowekwa motoni, akakilazimisha kinyota kipya juu ya kitovu cha shaba mpaka kikashika kiasi kwamba kucha zake hazikuweza kukitoa. Mpira uliobaki ulitosha kuchonga cha pili, akakichonga, akakifunga kwenye pindo la khanga yake. Jalada la daftari likawa gasketi ya kuzuia maji yasivuje kwenye maungio. Alipokaza bolti ya nne alisikia viti vikiburutwa nje, na watu wakikohoa kama wanavyokohoa kabla ya hukumu.

"Kidumu Chama!" alisema Mzee Jumbe.

"Kidumu!"

Wakamwachia nafasi mbele ya pipa, duara la watu wasiomtakia mema. Swaumu alikuwa mstari wa mbele na khanga ameifunga kiunoni tayari kwa lolote. Mgambo wawili walisimama mlangoni. Anselmi, katibu wa kijiji, mtu wa bara mwenye hati nzuri ya mkono, alifungua daftari la mikutano. Mboni hakutoa salamu wala maelezo. Alizungusha kamba akavuta.

Injini ikawaka, moshi ukawarudisha nyuma, naye akahesabu moyoni. Akafika tano, akafika kumi. Tundu likakohoa mapovu, likatema kitone cheusi, kisha likatoa uzi wa maji, ukapinda ukaangukia pipani. Mboni aliukinga kwa kiganja. Maji yalikuwa ya baridi. Machozi yalimtoka, akayafuta haraka kwa mkono wenye grisi wasije wakafikiri anaomba huruma.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Kumbe inaweza!" Swaumu alipiga ukelele. "Kumbe ilikuwa inaweza muda wote, na mpunga wangu umeliwa na samaki!"

Mzee Jumbe aliinua fimbo, Mboni akazima. "Umesikia wananchi," alisema. "Alhamisi mbovu, leo nzima. Umejuaje pa kutengeneza, kama si wewe uliyepaharibu?"

Basi hapo ndipo Mboni alipoona kwamba amekalia kuti kavu tangu asubuhi. Injini mbovu ingemfunga, na injini nzima nayo ingemfunga vilevile. Akachukua kile kidonge kilichoungua, akamkabidhi mtu wa karibu. Kilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akakinusa, akakunja uso.

"Hiki ndicho kinachosukuma maji. Kimeungua kwa sababu kimewashwa nchi kavu."

"Lini?"

"Siku ya mgeni rasmi."

Kidonge kilikuwa kimemfikia mpiga ngoma; alikipitisha upesi kama kaa la moto. Mzee Jumbe hakupandisha sauti. Aliishusha, na ilikuwa mbaya zaidi.

"Katibu, andika. Ndugu Mboni anasema mgeni wa serikali ndiye aliyeharibu mali ya wananchi."

Kalamu ya Anselmi ilisimama hewani.

"Sijasema mgeni," alisema Mboni.

"Basi nani? Taja jina. Tuko hapa wote. Nani?"

Majina yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa limesimama mbele yake na fimbo, na hapakuwa na mdomo hata mmoja pale ambao ungelirudia. La pili lilikuwa nyuma ya umati. Katikati ya ndala na makubazi aliiona miguu ya Zahoro, peku, vidole vimeshikilia udongo. Hakuwa akimtazama. Jina lake lilikuwa jepesi kulisema, na kila mtu angelipokea kwa furaha, maana wote waliiona kamba mkononi mwake. Kabla ya magharibi angekuwa njiani kwenda Kibaha katikati ya mgambo wawili. Miaka mitatu alimcheka juu ya gogo lile. Leo buti lake lilikuwa ndani ya injini.

"Mimi," alisema Mboni.

"Sema kwa sauti."

"Mimi! Nilijua haiwashwi nchi kavu. Nilisema mara moja, sauti ya chini, nikarudi nyuma. Iliponguruma nikapiga kigelegele. Tulipiga wote. Lakini ninyi hamkujua, mimi nilijua."

Mzee Jumbe alimtazama Mboni kwa muda, akamtazama Anselmi, na wote wakaelewa kwamba kesi hii ikifika Kibaha, na meza ya seremala itafika nayo. Alikohoa. Akasema kijiji kina huruma. Akasema Ndugu Mboni amekiri mwenyewe, hivyo hatapelekwa popote, ila atarudisha ovaroli na spana, na kuanzia kesho chombo atakiendesha Ndugu Zahoro, mtu wa mto. Wanaoafiki wanyooshe mikono.

Makofi yakapigwa sasa. Mikono ikapanda. Wa Zahoro ulipanda mwisho, lakini ulipanda.

Asubuhi yake Mboni alivuka kama abiria, na jembe lake na kikapu cha mihogo. Swaumu alisogeza miguu asiguswe na khanga yake. Hapakuwa na aliyemtaka ubavuni, basi akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na injini. Mzee Jumbe alikaa mbele akiwa na kofia yake, uso ameuelekeza ng'ambo kama nahodha. Zahoro alishika usukani. Miguu yake peku ilikuwa ndani ya maji yaliyotuama chini ya boti, na tangu walipoachana na ukingo hakugeuza shingo.

Hakuna aliyemwambia Zahoro kuhusu ubawa wa sita, uliobaki umejibana ndani ya injini. Mboni alikuwa na sababu zote za kukaa kimya, na alikaa kimya, macho yake kwenye uzi wa maji. Ulikuwa mnene hadi robo ya mto. Walipofika kwenye mkondo, pale viboko walipoonyesha masikio, ukapungua, ukapinda kuelekea ubavu wa injini. Mboni alinyoosha kiganja akaukinga. Maji yalikuwa vuguvugu. Akasubiri. Yakazidi kupata moto.

"Yamechemka?" Zahoro aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ambayo mngurumo ulitosha kuifunika.

"Yanakaribia. Punguza."

Akapunguza. Boti ikainamisha pua, mngurumo ukashuka, na watu wakashika kingo zake.

"Kuna nini huko nyuma?" Mzee Jumbe aliita.

Zahoro alitazama mbele, mkono kwenye usukani, akisubiri neno jingine. Mboni alikiacha kiganja chake kwenye ule uzi mwembamba, kama mtu anayempima mtoto homa, na kwa mkono mwingine akalishika pindo la khanga lenye fundo la kile kinyota cha pili. Ng'ambo ilikuwa bado mbali.